Muulize Fundi: Nati hukazwa kwa kipimo

Toleo lililopita nilimjibu mama mmoja wa Kibaha ambaye usukani wa gari lake ulianza kutetemeka muda mfupi tu baada ya kubadilishiwa tairi. Kisa kilikuwa nati: kila moja ilikazwa kivyake, moja imebana kupita kiasi, jirani yake imelegea. Nilimshauri amtafute fundi mwenye toki renchi, yaani spana inayopima nguvu unayoitumia kuzungusha nati na kukujulisha ukifika kwenye kipimo. Tangu hapo maswali ya toki renchi yamekuwa mengi kuliko ya jambo lingine lolote. Nimeamua ukurasa wote wa leo uwe wa hilo peke yake, kwa sababu tairi likichomoka barabarani linaweza kumpata hata mtembea kwa miguu ambaye hajui lolote kuhusu gari hilo.

Shikamoo fundi. Nina IST. Fundi wa mtaani kwetu hukaza nati kwa spana ya tairi, halafu anapanda juu ya mpini kwa mguu. Nilipomuuliza habari ya toki renchi alisema mkono wake una uzoefu wa miaka. Niuamini? — Dereva, Mbagala

Marahaba mwanangu. Uzoefu wake nauheshimu, na huenda kwa sikio tu anatambua plagi iliyokufa. Lakini kwa kukaza nati za tairi usiuamini mkono, na mguu ndiyo kabisa usiuamini.

Tufanye hesabu pamoja. Studi za IST yako, yaani zile bolti zinazoingizwa nati, ni M12 (unene wa milimita 12), na Toyota wanataka nati zake zikazwe kwa Nm 103 (nyutoni-mita 103). Nm 1 ni nguvu ya nyutoni 1 inayosukuma mwisho wa mpini wenye urefu wa mita 1, na kilo 1 ya uzito ni karibu nyutoni 9.8. Sasa chukua spana ya tairi yenye mpini wa sentimita 40, msimamishe mwishoni fundi wa kilo 70. Zidisha 70 kwa 9.8, kisha kwa 0.4. Unapata Nm 274. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya inayotakiwa, na hapo amesimama ametulia. Akirukaruka kidogo, kama nilivyoona wengi wakifanya, inapanda zaidi.

Watu wengi wanadhani kazi ya nati ni kuzuia tairi lisidondoke, kwa hiyo kadiri inavyokaza ndivyo salama. Sivyo. Unapokaza nati, studi inavutika kidogo sana, kama mpira wa manati, na ule mvuto wake wa kutaka kurudi ndio unaobana ringi kwenye habu, yaani kitovu ambapo tairi hufungwa. Ringi inakaa mahali pake kwa kubanwa. Kila studi ina kiwango chake cha kuvutika na kurudi. Ukikipita hairudi tena: inabaki imerefuka, shingo yake imekonda, nguvu ya kubana imepungua, na siku moja inakatika ukiwa kwenye mwendo. Mwenye gari atasema "nati zilikuwa zimekazwa sana", na atakuwa amesema kweli.

Madhara mengine yanakuja polepole. Diski ya breki iliyobanwa upande mmoja zaidi ya mwingine hupinda, na ukifika mteremko wa Kitonga ukikanyaga breki usukani unakucheza mikononi. Halafu kuna siku ya pancha. Umekwama usiku katikati ya hifadhi ya Mikumi, spana ya tairi unayo, tairi la akiba unalo, lakini nati zilizokazwa kwa mguu wa kijana wa kilo 70 hazifunguki. Hapo si mahali pa kukaa nje ya gari unahangaika.

Nati iliyolegea nayo ina hatari yake. Ringi inaanza kusogea kidogo kidogo kwenye habu, matundu yanapanuka, nati inazidi kulegea. Ukiona mstari wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye nati, au ukisikia mlio wa kitu kinachogonga unapokata kona taratibu, simama ukague.

Mwambie fundi wako afanye hivi, na usimame pale uangalie. Asafishe uso wa habu na mgongo wa ringi kwa brashi ya waya, maana kutu na matope vikibaki katikati vitasagika njiani na nati zitapoteza mkazo. Uzi wa studi uwe safi na mkavu. Azungushe nati zote kwa mkono mpaka zikae, kisha azibane kidogo kwa spana ya kawaida gari likiwa bado kwenye jeki. Ashushe gari mpaka tairi liguse chini lisizunguke. Aweke toki renchi kwenye 103 na akaze kimsalaba: ukimaliza nati moja, inayofuata ni ya upande wa pili, si jirani yake. Ni vyema apite raundi mbili, ya kwanza kwa nusu ya kipimo, ya pili kwa kipimo kamili. Ukishatembea kilometa 50 hadi 100, rudi ukague tena kwa toki renchi hiyo hiyo.

Mashine ya upepo inafaa sana kufungulia. Kukazia ni hapana, isipokuwa kuzikalisha nati kwa nguvu ndogo kisha amalizie kwa toki renchi.

Kama fundi hana, msimkatie tamaa. Mko madereva wangapi hapo kijiweni? Changeni mnunue moja, mmuachie aitunze. Kifaa kimoja kinatosha magari ya mtaa mzima.

Fundi, salaam. Nimemaliza mafunzo na ninaanza gereji ndogo. Pesa niliyonayo inatosha toki renchi moja nzuri. Kariakoo nimeona ndogo, kubwa, za mshale, za kulia (zinazotoa mlio) na za dijitali. Ninunue ipi? — Fundi kijana, Nyakato, Mwanza

Hongera kwa kuanza, na hongera zaidi kwa kufikiria toki renchi kabla ya mashine ya upepo. Wengi huanza kinyume.

Kabla ya kuchagua aina, chagua kipimo. Kila toki renchi ina kiwango cha chini na cha juu, na sehemu ya chini kabisa ya skeli ndiyo isiyoaminika. Kanuni ninayoifuata ni kutotumia toki renchi chini ya asilimia 20 ya kiwango chake cha juu. Inayofika Nm 200 usiitumie chini ya 40. Kwa hiyo ile kubwa unayoiona dukani, inayoonekana ni ya mwanaume, haifai kabisa kukazia plagi wala bolti ndogo za kava la juu la injini. Bolti ya M6 inahitaji kiasi cha Nm 10 tu. Ukiipelekea toki renchi ya Nm 200, utaikata kabla hujasikia chochote.

Sasa jiulize kazi yako itakuwa ipi zaidi. Kama ni tairi, breki na sasipenshi za magari madogo, nunua ya nusu inchi (hicho ni kipimo cha kichwa chake cha mraba kinachoingia soketi) inayoanzia 40 au chini kidogo na kuishia 200. Kama ni injini zaidi, nunua ya 3/8 inayokwenda mpaka 100 au 110. Hiyo itagusa bolti nyingi za hedi, plagi na sampu plagi (ile ya kumwagia oili), na ikibidi itafika kwenye nati za tairi za Toyota ndogo ingawa itakuwa mwisho wa uwezo wake. Kwa gereji ya mtaani inayopokea kila kitu, mimi ningeanza na ya nusu inchi, kisha faida ya kwanza inunue ya 3/8. Ya robo inchi, inayoanzia Nm 5, itakuja baadaye, au mapema zaidi kama utapokea pikipiki nyingi.

Kuhusu aina, ya mshale ndiyo nyepesi kuelewa. Ni fimbo ya chuma inayopinda unapovuta, na mshale ambao haupindi unaonyesha namba kwenye bati. Haina springi ya kuchoka, haina betri, na ukiona mshale hausimami kwenye sifuri ukiwa hujaigusa, unauinamisha taratibu mpaka usimame. Ubaya wake ni kwamba lazima uitazame kwa juu moja kwa moja. Ukiitazama kwa pembeni unasoma namba nyingine, na chini ya gari macho hayafiki. Hata hivyo ni imara, na kila gereji ningependa iwe na moja ya kuhakikishia zile nyingine.

Ya kulia, ile inayofanya "tik", ndiyo gereji nyingi hutumia. Unazungusha mpini kuweka kipimo, unafunga kufuli, unavuta mpaka usikie mlio na uhisi mpini umelegea kidogo mkononi. Inafanya kazi gizani na kwenye kona ambazo jicho halifiki. Ila inataka nidhamu ambayo nitaieleza nikimjibu msomaji wa mwisho.

Za dijitali ni nzuri, hasa zinazopima na digrii. Zinapenda betri na haziwapendi wanaoziangusha. Kwa mwanzo wako usitumie pesa huko.

Ukiwa dukani usikubali kupewa boksi lililofungwa. Itoe. Angalia kama namba za skeli zimechongwa kwenye chuma au ni rangi tu itakayofutika kwa grisi. Zungusha mpini kutoka chini mpaka juu usikilize kama unakwaruza. Tafuta cheti ndani ya boksi: kinatakiwa kiwe na namba ya kifaa, na namba hiyo ifanane na iliyochongwa kwenye mpini. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi ni ISO 6789, kinachoruhusu kosa la asilimia 4 juu au chini kwa toki renchi kubwa za kulia, na asilimia 6 kwa ndogo zenye mwisho wa Nm 10. Ukipata cheti kinachoonyesha imepimwa mahali patatu, asilimia 20, 60 na 100 ya uwezo wake, hiyo imepimwa kwa utaratibu. Ukiambiwa "hii ni original mzee, cheti cha nini", weka chini uende duka la pili.

Fundi, mimi ni fundi wa kike, Dodoma. Nilibadilisha oili ya Probox yenye injini ya 1NZ. Kitabu kinasema sampu plagi ikazwe 38. Niliweka toki renchi 38, nikavuta, na kabla ya mlio uzi wa sampu ukang'oka. Toki renchi ni mpya. Kosa liko wapi? — Fundi, Dodoma

Dada, naamini ulifuata namba vizuri. Igeuze toki renchi yako utazame upande wa pili wa mpini. Nyingi zinazouzwa kwetu zina skeli mbili: moja imeandikwa Nm, nyingine ft-lb, yaani paundi-futi. Namba 38 ipo kwenye zote mbili. Ile ya kitabu ni Nm 38. Ukiweka 38 ya paundi-futi umeweka Nm 51.5, ziada ya theluthi nzima, na sampu ambayo uzi wake umeshafunguliwa na kufungwa kwa miaka haiwezi kuvumilia hilo.

Usikilize vizuri hapa maana vitabu vya magari ya Kijapani vina vipimo vitatu mstari mmoja. Kuna Nm, kuna kgf·cm (kilo-sentimita), na kuna ft·lbf (ndiyo ile paundi-futi). Nati ya tairi itaandikwa 103, halafu 1,050, halafu 76. Zote tatu ni mkazo ule ule. Paundi-futi zidisha kwa 1.356 upate Nm. Kgf·cm gawanya kwa 10 upate Nm kwa makadirio yanayotosha gereji. Kabla ya kuvuta, soma herufi zilizo pembeni ya namba kitabuni, kisha soma herufi zilizo pembeni ya namba kwenye mpini. Mimi wanafunzi wangu nawataka waitamke kwa sauti: "thelathini na nane, nyutoni-mita." Anayeitamka hachanganyi.

Kama umehakikisha ulikuwa kwenye skeli ya Nm, basi uzi ulikuwa umekwisha kabla yako. Aliyetangulia aliukaza kwa nguvu, wewe ukakuta umebaki kidogo. Dalili ni plagi inayozunguka bila kupata uzito, inakwenda laini laini kana kwamba bado haijafika. Ukihisi hivyo simama hapo hapo usisubiri mlio, maana mlio hautakuja. Sampu yako haijafa. Fundi wa mashine za kukereza anaweza kuweka uzi mpya kwa koili ya chuma cha pua, au ukanunua sampu iliyotumika yenye uzi mzima.

Na washa ya sampu plagi badilisha kila unapomwaga oili. Washa laini ikishabonyezwa mara moja haizibi vizuri mara ya pili, na ndipo watu wanapoanza kuongeza nguvu ili kuzuia matone. Matone yanatokana na washa. Uzi hauna kosa.

Mdogo wangu, mimi ni mzee wa magari ya zamani, niko Moshi. Sisi tulifundishwa kupaka grisi kila uzi ili bolti isigande. Vijana wananiambia nakosea. Wewe unasemaje? — Mzee wa Moshi

Shikamoo mzee wangu. Mlichofundishwa kina sababu yake, kwa kuwa bolti iliyoshika kutu ni adhabu. Lakini vipimo vya toki vilipoingia, grisi ikawa na hesabu nyingine.

Katika kila sehemu 100 za nguvu unayotumia kuzungusha bolti, takribani 50 zinaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti au nati, takribani 40 zinaliwa na msuguano wa uzi, na zile 10 tu zilizobaki ndizo zinazoivuta bolti. Toki renchi inapima zile 100 zote. Haiwezi kujua ni ngapi zimefika kwenye bolti. Ukipaka grisi, msuguano unapungua, na namba ile ile uliyoiweka inavuta bolti zaidi sana ya alivyokusudia mhandisi. Kutu na mchanga hufanya kinyume chake: mlio unasikika, lakini bolti haijabana.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kushika toki renchi ni hili: kipimo hiki kimeandikwa kwa uzi mkavu au uzi wenye oili? Nati za tairi za magari madogo ni kavu. Bolti za hedi za Toyota nyingi zinataka oili nyepesi ya injini kwenye uzi na chini ya kichwa. Plagi za kisasa zenye rangi ya kung'aa kwenye uzi zimeshapakwa kinga na kiwanda. Watengenezaji wa plagi NGK, kwa mfano, wanasema usipake kitu chochote, maana utazikaza kupita kiasi na kuharibu plagi au uzi wa hedi.

Kama unaogopa kutu kwenye ringi, mzee wangu, paka grisi kiasi kidogo sana kwenye duara la katikati la habu ambapo ringi inakaa. Huko hakugusi hesabu ya nati.

Habari ndugu. Tuna lori za kwenda Kampala. Nati za tairi ni kubwa, vijana wetu wanatumia bomba la mita mbili. Kuna toki renchi ya hizo? — Msimamizi wa malori, Mariakani

Ipo, ndugu. Lori nyingi za Ulaya zenye studi za M22 zinataka kati ya Nm 600 na 700 kidogo kupungua au kuzidi, kutegemea aliyelitengeneza. Ya nusu inchi haifiki huko. Tafuta ya robo tatu inchi au ya inchi 1, yenye mpini mrefu. Kwa mpini wa mita 1, kufikia Nm 600 lazima uvute kwa nguvu ya kilo 61, na si kila kijana atafanya hivyo kwa nati 10 za kila tairi bila kuchoka. Ndiyo maana kuna vifaa vya kuzidisha nguvu vinavyowekwa kati ya toki renchi na nati. Vinauzwa na kiwango chake cha kuzidisha kimeandikwa, nanyi mnagawanya kipimo kwa namba hiyo.

Bomba la mita mbili na kijana wa kilo 70 juu yake ni Nm 1,372. Liondoeni kwenye kazi ya kukaza leo hii. Litumike kufungulia tu, kama ni lazima.

Jambo jingine la malori: kwa nati zile zenye washa inayozunguka peke yake, baadhi ya watengenezaji wanataka tone la oili kati ya nati na washa. Hapo fuata kitabu cha lori lenyewe. Na dereva akitoka Mariakani na tairi lililobadilishwa, akague Voi au Mtito Andei, si Malaba.

Fundi, hedi ya gari yangu ilichemsha, tumeirudisha, sasa kitabu kinasema kaza kwa Nm 29, halafu digrii 90, halafu digrii 90 tena. Fundi anasema digrii ni za hali ya hewa. Nifanye nini? — Mwenye Vitz, Arusha

Mpole kidogo kwa fundi wako, digrii hizi zinawachanganya wengi. Ni digrii za kuzungusha: 90 ni robo ya mzunguko.

Nimekueleza, kupitia jibu la mzee wa Moshi, kwamba toki renchi inadanganywa na msuguano. Bolti za hedi zinatakiwa zibane sawasawa zote 10, kwa sababu gasketi iliyobanwa vibaya sehemu moja itapitisha maji au moto hapo. Kwa hiyo watengenezaji wanaitumia toki renchi mwanzo tu, kwa kipimo kidogo, kuzikalisha bolti zote. Baada ya hapo wanapima kwa mzunguko. Uzi una hatua zake ambazo hazibadiliki, kwa hiyo robo mzunguko inavuta kila bolti kiasi kile kile, iwe na msuguano mwingi au mchache.

Utaratibu wa injini ya 1NZ, yenye vipimo kama hivyo vyako, uko hivi. Safisha matundu ya bolti kwenye bloku kwa upepo na kitambaa mpaka yawe makavu kabisa. Maji au oili iliyotulia chini ya tundu haina pa kukimbilia bolti inapoingia, na inaweza kupasua bloku. Paka oili nyepesi kwenye uzi wa bolti na chini ya kichwa. Anza na bolti za katikati ukielekea ncha, pande zote mbili kwa zamu, mpaka zote zifike Nm 29, kwa raundi kadhaa. Sasa chukua rangi, ya kucha inatosha, utie doa kwenye kichwa cha kila bolti upande unaotazama mbele ya injini. Zungusha zote robo, kwa mpangilio ule ule. Rudia robo nyingine. Ukimaliza, madoa yote 10 yanatakiwa yatazame nyuma. Doa linalotazama pembeni limesahaulika robo moja, nalo unaliona ukiwa umesimama, bila kukisia.

Bolti za zamani zikaguliwe kwa vernia (kifaa cha kupimia unene na urefu) kama kitabu kinavyoelekeza kabla ya kuzirudisha. Zile zilizorefuka au kukonda, nunua mpya. Hedi ikichemsha tena kwa sababu ya bolti, utalipia kazi nzima mara ya pili.

Fundi, toki renchi yangu ya kulia nimeitumia muda mrefu. Nitajuaje bado inasema kweli? Na je, nikiunga ekstensheni nabadilisha kipimo? — Fundi wa Tanga

Ekstensheni iliyonyooka kutoka kwenye toki renchi kwenda kwenye soketi haibadilishi kitu cha maana, mradi uishike isiyumbe. Kinachobadilisha ni kitu kinachorefusha mpini kwenda mbele, kama spana ya mdomo inayochomekwa kichwani. Hapo chukua urefu wa toki renchi kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya mshiko, tuseme sentimita 45, na urefu wa kile kipande, tuseme 5. Gawanya 45 kwa 50, unapata 0.9. Ukitaka Nm 100, weka 90. Ukikichomeka kwa pembe mraba na mpini, usibadilishe kitu.

Kuhusu ukweli wake, kile kiwango nilichokitaja, ISO 6789, kinashauri ipimwe upya kila miezi 12 au baada ya milio 5,000, kipi kitangulie, kama mtengenezaji hakusema vingine. Kwa upimaji wenye cheti anza kuulizia maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya Shirika la Viwango, TBS, Ubungo. Lakini kuna jaribio unaloweza kulifanya gereji kwako, ambalo halitoi cheti ila linafichua kifaa kilichoharibika.

Chukua dumu la lita 20, lijaze maji, ulipeleke kwenye mizani ya muuza mahindi mpaka dumu na maji vifike kilo 20 kamili, ukipunguza maji ikibidi. Bana kichwa cha mraba cha toki renchi kwenye jiliwa, mpini ukae mlalo, na uhakikishe upande wa kuzungukia ni ule unaokaza. Pima sentimita 45 kutoka katikati ya mraba, na hapo pawe katikati ya mshiko. Kama mshiko wako uko mahali pengine tumia urefu wake halisi. Tundika dumu kwa kamba nyembamba, ulishushe taratibu kwa mikono miwili, usiliachie lidondoke. Kilo 20 kwa sentimita 45 ni Nm 88, na uzito wa toki renchi yenyewe unaongeza kama 2 au 3. Weka skeli 80: inatakiwa ilie. Weka 100: inatakiwa ikae kimya. Kisha sogea polepole kati ya hapo. Inayoacha kulia karibu na 90 iko sawa. Inayolia ukiwa umeweka 110, au iliyo kimya kwenye 75, itoe kwenye kazi mpaka irekebishwe.

Na ili isifike huko: usifungulie nati kwa toki renchi, tumia mpini wa kawaida. Shika kwenye mshiko, si shingoni wala kwa bomba. Vuta polepole, na ukisikia mlio mmoja acha, usiongeze wa pili "kwa usalama", maana kila mlio wa ziada unaongeza mkazo. Ikiwa imekaa bila kazi, ifanye ilie mara tano au sita kwenye kipimo kidogo kabla ya kuanza, ili oili ya ndani itembee. Ukimaliza siku, rudisha mpini kwenye namba ya chini kabisa ya skeli, isipite hapo, kisha iweke kwenye boksi lake. Ikidondoka sakafuni kutoka mezani, lirudie jaribio la dumu siku hiyo hiyo kabla ya kugusa gari la mteja.